Mafuta Yamewaka, Mimi Nimevaa Kiti

Baba mkwe wangu leo ameniona nimevaa kiti.

Sijakosea kuandika. Sikusema nimekalia kiti. Nimekivaa. Kiti cha plastiki, cheupe, chenye mikono, kimening'ang'ania nyuma kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Mbele ya baba mkwe, mama mkwe, mwenyekiti wa kitongoji, afisa mazingira kutoka wilayani, na nusu ya kijiji iliyokuja kuangalia bure.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Naandika mwenyewe kwa sababu mume wangu, Marwa, alirekodi (badala ya kuniokoa, jamani, alirekodi!) na video imeshaanza kutembea kwenye magrupu. Bora mnisikie mimi kwanza. Maana kwenye video mtaona kiti tu, na leo hapa kwetu yamefanyika mambo makubwa kuliko kiti.

Kwa msionifahamu, mimi ni Nyangi, Mama Robi. Kwetu ni Natta, ila nimeolewa huku upande wa Nyamongo, si mbali na Kerende. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Ndiyo, mimi mwanamke. Geti, dirisha, toroli la kubebea mawe ya dhahabu, ukilivunja leta, utaondoka nalo likiwa zima. Wachimbaji wakija mara ya kwanza huniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nawaambia amekwenda kunywa chai. Kisha navaa miwani yangu ya kuchomelea, naanza kazi, na wao wanaanza kutazamana.

Sasa haya mambo ya plastiki yalianza na ng'ombe. Baba mkwe alikuwa na ng'ombe wa maziwa aliyempenda sana. Ng'ombe akaanza kukonda, huku tumbo linavimba. Tukaita mtaalamu wa mifugo, akatoa dawa, wapi. Ng'ombe akafa. Walipompasua wakatoa tumboni donge kubwa kama mto wa kulalia: mifuko laini, vifungashio vya biskuti, kamba za nailoni, vipande vya ndoo. Baba mkwe alilitazama lile donge, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kusema neno. Mzee ambaye akigombana na mbuzi unasikia ng'ambo ya mto, siku ile alinyamaza kabisa.

Ule ukimya ulinikaa rohoni.

Nikaanza kutafuta kwenye simu watu wengine wanafanyaje na plastiki. Nikaona kuna watu wanaipika. Siyo kuichoma, kuipika. Unaifungia ndani ya chuma kizito, hewa isiingie hata kidogo, unakoka moto chini. Kwa kuwa hakuna hewa, haiungui. Inayeyuka, inageuka mvuke. Mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji baridi, unapoa, na upande wa pili yanadondoka mafuta. Mafuta ya kuwasha injini! Nilipoona chuma, bolti na bomba, nikasema haya si mambo ya wazungu, haya ni mambo yangu.

Nikawaambia akina mama wenzangu wa kikundi. Wankuru, rafiki yangu mkubwa, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akauliza, "Yaani tuokote takataka halafu tupike?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sawa. Mume wangu ananiambiaga napika takataka kila siku, leo nitapika kweli."

Hatukufanikiwa mara moja. Mfuniko wa kwanza ulivuja, tukakimbizana na moshi. Nikauchomelea upya. Mara nyingine tukajaza chupa za maji, bomba likaziba kwa unga fulani wa ajabu. Tukajifunza: chupa za maji hazifai, na zile bomba za maji za kijivu ni sumu kabisa, hazisogei karibu na mtambo wetu. Ndoo zilizopasuka, madumu, vifuniko, beseni, mifuko laini, hicho ndicho chakula chake. Tukachuja mafuta kwa kitambaa, tukayaacha yatulie, tukayachuja tena. Yakaja yana rangi ya chai ya rangi. Nilikaa na ile chupa ya kwanza kifuani kama nimejifungua.

Ila kijijini maneno hayakuisha. Pipa, moto, bomba ndani ya maji, kitu kinadondoka kwenye ndoo... Nani huku hajui kinachofanana na hicho? "Akina mama wanapika gongo ya kisasa." Kila aliyepita alivuta pua. Mwingine alikuja na kikombe chake kabisa.

Na mtambo wenyewe uko kwenye kona ya shamba la baba mkwe. Basi mzee akatuma ujumbe.

Hapa lazima niwaeleze kitu, nyie mlio mbali. Huku kwa Wakurya, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Hampeani mkono. Hamkai karibu. Hamtazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unatoka njiani. Ni heshima, na mimi naiheshimu. Tangu niolewe, baba mkwe alikuwa hajawahi kuniambia neno hata moja ana kwa ana. Akitaka niambiwe jambo, anamwambia mama mkwe, na mimi nimesimama palepale nasikia.

Basi akasema kwa mama mkwe, "Mwambie mkamwana wako, siku wageni wa serikali wakija kuangalia hilo dude lake, nitatoa injini yangu. Ikiwaka kwa hayo mafuta, ile kona waitumie. Ikikataa, au ikiharibika, dude liondoke kwangu."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Amesema nimwambie mkamwana wangu..."

"Mama, nimesikia."

Akarudia yote. Utaratibu ni utaratibu.

Na injini anayosema ni ile ya mashine ya kusaga. Injini ya zamani ya dizeli, ya kuzungusha kwa hendeli, aliinunua ujanani. Anaifuta vumbi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Nikiiua ile injini, si mtambo tu utakaoondoka. Na mimi huenda nikarudi Natta kwa miguu.

Haya. Leo ndiyo ilikuwa siku.

Asubuhi mapema tulikuwa tumeshajaza mtambo, nimekaza nati mwenyewe, moto umekokwa. Kila kitu sawa. Ningebaki na ovaroli langu la kazi, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini hapana. Nilikuwa nimeshonesha gauni. Kitenge cha bluu na manjano, mshono wa samaki, limenibana kuanzia kifuani mpaka magotini halafu linafunguka kama mkia. (Fundi cherehani alinionya. Nilimwambia ashone kama nilivyoagiza, mimi ni mgeni rasmi wa mtambo wangu mwenyewe.)

Marwa akanitazama. "Utaweza kukaa na hiyo nguo?"

"Nitaweza."

"Na kusimama?"

"Marwa, niache."

Viti tulivikodi kanisani, vile vya plastiki vyeupe. Vikapangwa vizuri chini ya turubai. Mimi nikachukua changu nikakisogeza pembeni, karibu na mtambo. Wankuru akanifuata.

"Mama Robi, hapo si karibu sana na jiko?"

"Nataka mtambo uonekane kwenye picha."

(Uongo. Mtambo ungeonekana tu, ni mkubwa. Nilitaka mimi nionekane nikiwa na mtambo nyuma yangu, kama wale wakurugenzi kwenye kalenda.)

Wageni wakaja. Afisa mazingira ni kijana mpole, amehamishiwa huku kutoka Lindi, anaongea taratibu kama anaogopa kuamsha mtu. Akawasalimia wazee wote shikamoo mmoja mmoja. Baba mkwe alikaa upande wa wazee, mbali, amevaa koti lake la sikukuu, ameigeuzia kona yangu bega. Ndivyo inavyotakiwa.

Na mtambo, Mungu ni mwema, ukaanza kudondosha wageni wakiwa ndiyo kwanza wanakaa. To. To. To. Halafu ukawa mchirizi. Kwenye ndoo inayoonyesha ndani, rangi ya chai, safi. Watu wakasimama. Wakasogea. Nikaona shingo zinarefuka kutoka huko nyuma.

Mwenyekiti wa kitongoji akainama, akanusa, akaniita pembeni kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Mama Robi, niambie ukweli. Hii hainyweki kweli?"

"Hainyweki, mwenyekiti. Ukionja hii tunakuzika kesho."

"Aa. Nilikuwa nauliza kwa niaba ya wananchi."

Afisa mazingira akauliza maswali ya maana. Moshi unaenda wapi? Nikamwonyesha bomba dogo: ile gesi inayokataa kugeuka mafuta tunairudisha chini ya tangi, inaungua palepale jikoni, kwa hiyo tunapunguza hata kuni. Akauliza nani aliyechora. Nikasema mimi. Nani aliyechomelea? Mimi. Akaligusa lile ungio la bomba kwa penseli yake, akasema, "Kazi nzuri sana, mama." Jamani. Nilisikia masikio yanawaka. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu, nimenyoosha shingo, mikono juu ya mapaja, natabasamu kwa kila simu iliyonielekea.

Mwenyekiti akapewa nafasi aseme machache.

Mwenyekiti wetu hana machache. Alianza na historia ya kitongoji. Akapita kwenye barabara. Akaingia kwenye maji. Mimi nimekaa. Nikahisi joto mgongoni. Joto zuri, la kupanda taratibu. Nikasema moyoni, hii ndiyo fahari. Kumbe watu wakijivunia huwa wanapata joto namna hii! Sikujua.

Baada ya muda nikaona kitu cha ajabu. Mwenyekiti anarefuka.

Kweli. Mwanzoni macho yangu yalikuwa usawa wa kifua chake, sasa naona mkanda. Nikamtazama afisa mazingira. Naye anapanda. Meza yenye soda inapanda. Wazee wote wanapanda taratibu kama watu wa mbinguni. Nikadhani ni presha. Nikasema, Nyangi, hukunywa chai asubuhi, tulia, usizimie kabla injini haijawaka.

Wankuru akanikonyeza kutoka ng'ambo. Nikamkonyeza. Akatoa macho, akashusha mkono kama mtu anayekandamiza unga. Nikamwonyesha dole gumba. Akashika kichwa.

(Ndugu zangu, mmeshaelewa. Mimi nilikuwa bado. Miguu ya nyuma ya kiti ilikuwa inalainika pole pole kwa joto la jiko, inapanuka kama ndama anayejifunza kusimama, na mimi nashuka nayo. Mwanamke anayeyeyusha plastiki ya kijiji kizima hakujua kwamba na kiti ni plastiki.)

Hatimaye mwenyekiti akafika mwisho. Akasema sasa mzee mwenye boma atajaribu mafuta.

Baba mkwe akasimama. Injini yake ilikuwa imetolewa nje, imefutwa, inang'aa. Alikagua dumu la mafuta tuliyoyachuja siku zilizopita. Akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa vidole, akanusa. Akajaza tangi la injini mwenyewe, hakutaka mtu aiguse. Kisha akavua koti.

Akina mama wote tukaacha kupumua. Hapo hata joto la mgongoni nililisahau. Nilikuwa naona zile safari zote za kuokota vipande vya ndoo huko machimboni, watu wanatucheka, "Akina mama wa jalala," vidole vyangu vilivyoungua, Wankuru anakohoa moshi wa mfuniko wa kwanza. Yote yalikuwa ndani ya hilo tangi dogo.

Akazungusha hendeli. Kimya.

Akazungusha tena. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Gongo hiyo." Wengine wakaguna. Nikafumba macho.

Baba mkwe akatemea viganja mate, akashika hendeli kwa mikono miwili, akazungusha kama ana ugomvi nayo.

Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu-tu-tu!

Imewaka! Jamani, imewaka! Haikuwaka kwa kubembeleza, iliwaka kwa sauti nene, imetulia, moshi ukasafika, ardhi ikatetemeka. Baba mkwe akaweka kiganja juu ya injini kama anavyomwekea ng'ombe shingoni, akasikiliza. Akaongeza mafuta, ikaitika. Akapunguza, ikaitika. Na mimi, ambaye sitakiwi kumtazama, nilimtazama. Mzee alikuwa anatabasamu meno yote.

Akina mama wakapiga vigelegele. Nami nikaruka juu kwa furaha.

Nikaruka na kiti.

Mwanzoni sikuelewa. Nilihisi uzito nyuma, nikadhani gauni. Nikapeleka mkono kulivuta, nikashika mguu wa kiti. Nikapeleka mkono mwingine, nikashika mguu mwingine. Mikono ya kiti ilikuwa imekunjika ikanikumbatia kiunoni. Mgongo wa kiti ulikuwa umepasuka, ukalimeza gauni langu kwenye ufa. Na mshono wa samaki, ule niliougharamia, haukuniruhusu kutanua miguu wala kuinama. Nikavuta. Kiti kikakaza.

Watu wakaanza kuona. Mmoja, halafu watatu, halafu wote.

Hapo akili yangu ikafanya uamuzi ambao mpaka sasa siwezi kuutetea. Ikasema: Nyangi, cheza.

Nikaanza kucheza. Vigelegele vilikuwa vinaendelea, injini inapiga tu-tu-tu, mdundo upo. Nikatikisa mabega. Nikazunguka. Kiti nacho kikazunguka. Nikajisemea nitacheza hivihivi kurudi nyuma mpaka mlango wa jiko la mama mkwe, niingie, nijifungie, nife huko kwa heshima. Nikawa nacheza narudi nyuma hatua fupi fupi za samaki, natabasamu, jasho linatiririka.

Wankuru aliponiona, akadhani ni jambo nililoandaa bila kumshirikisha. (Mwenyewe anadai alitaka kunifichia aibu. Simwamini.) Akasimama, akachukua kiti chake, akakibandika nyuma kwa mikono yake miwili, akaingia uwanjani! Akapiga ukelele wake ule wa ng'ombe. Akina mama wengine wakamwona. Mama mmoja akashika kiti. Mwingine akashika. Mara nikainua macho nikaona kikundi kizima kinanifuata mstari mmoja, kila mtu na kiti makalioni, wanatikisa, injini inapiga, watoto wanapiga makopo.

Nikasikia afisa mazingira, kwa sauti yake ya upole, amefurahi kweli kweli, "Mwenyekiti, hii ngoma ya huku inaitwaje?"

Mwenyekiti hakusita hata kidogo. "Hii? Hii ni ngoma ya viti. Ya zamani sana."

Afisa akatoa simu na yeye akarekodi.

Nikafika mlango wa jiko. Nikageuka, nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikaona sufuria, nikaona wokovu. Halafu nikasimama ghafla. Kiti kimegoma. Miguu yake ilikuwa imetanuka kuliko mlango. Nusu yangu iko ndani na moshi, nusu yangu iko nje na umati. Na nusu iliyokuwa nje si ile ambayo ningeichagua.

Ndani alikuwepo mama mkwe, ameshika kinu. Akanitazama.

"Nyangi, unaingia au unatoka?"

"Mama, nivute."

Akanivuta mikono. Nikalia. Akaniachia. Nje nasikia kicheko kinapanda kama mvua inayokuja juu ya mabati. Wankuru na wenzake wameangushana wanacheka, hakuna wa kunisaidia. Marwa anarekodi, nasikia hata sauti yake, "Mama Robi, geuka kidogo." (Marwa leo analala na mbuzi.)

Na aliyekuwa karibu kuliko wote ni mmoja tu. Injini ilikuwa imewekwa pembeni ya jiko. Baba mkwe.

Vicheko vikaanza kupungua. Watu wakakumbuka. Mzee hawezi kumgusa mkamwana. Hawezi hata kumtazama, na hasa akiwa hivyo! Nikabana macho, nikaomba ardhi inimeze, na kama kiti hakipiti nako huko, basi inimeze vipande.

Nikasikia hatua zake zinakuja. Zikasimama. Baadaye Marwa ndiye aliyenionyesha kwenye video alichofanya. Mzee alinigeuzia mgongo kabisa, akatazama upande wa ng'ombe. Akapeleka mikono yake nyuma bila kuangalia, akapapasa hewani, akashika miguu miwili ya kiti. Kiti tu. Mimi hakunigusa hata kwa ukucha. Akasimama imara kama ng'ombe aliyefungwa jembe.

Na akaniita jina.

"Nyangi!"

Tangu niingie kwenye boma lile sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Nikajibu kutoka ndani ya jiko, nikimwita baba kwa Kikurya, "Naam, tata!"

"Toa pumzi!"

Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo. Mzee akavuta. Nikasikia raaaa! Kiti kikatoka. Nikarushwa ndani kama mzigo, mama mkwe akanidaka, akanifunika shuka lake kabla hata sijajua nini kimebaki na nini kimekwenda.

Kilichokwenda ni nyuma ya gauni. Yote. Kilikuwa kinaning'inia kwenye kiti, na kiti kiko mkononi kwa baba mkwe, na baba mkwe bado anatazama ng'ombe. Hakugeuka. Akatembea nacho hivyohivyo mpaka kwa Wankuru, akamkabidhi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toeni hicho kitambaa. Hiki nacho kipikwe. Ni chakula cha mtambo."

Umati ukalipuka. Lakini si kicheko kile cha kwanza. Walipiga makofi, jamani. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha la jiko nimejifunga shuka la mama mkwe, nikaona watu wazima wamesimama wanampigia makofi mzee, wanatupigia makofi sisi. Na injini muda wote huo haikukata hata mara moja. Tu-tu-tu-tu.

Basi nikavaa ovaroli langu. (Ningelivaa tangu asubuhi, hadithi ingekuwa fupi.) Nikatoka. Sikuwa na aibu tena, ilikuwa imeishia mlangoni pamoja na gauni. Tukafunga mkanda kwenye mashine ya kusaga, mama mkwe akaleta mahindi yake, akawa wa kwanza kumimina. Unga ukashuka mweupe, wa moto. Alichukua kiganja kimoja akanipaka shavuni. Akina mama wote wakapakana unga, tukawa kama mizimu. Yule aliyesema "gongo hiyo" nilimwona amejipanga foleni na debe lake, anatazama chini.

Afisa mazingira akasema anataka kuleta vikundi vya vijiji vingine waje wajifunze hapa. Akasema mafuta yetu yapelekwe yakapimwe vizuri, na mtambo ujengewe banda la kudumu, mbali na nyumba, kwa usalama. Na viti viwekwe mbali zaidi. (Alisema hivyo akitazama daftari lake. Mtu muungwana sana.)

Jioni nikiwa naosha vyombo jikoni, nikasikia fimbo inagonga ardhi nje ya dirisha. Baba mkwe alikuwa anapita na wazee wenzake wawili. Wakasimama pale. Mmoja akamtania kwa Kikurya kama kijana, "Mura, injini yako leo imenguruma kama ya ujana wako."

Baba mkwe akajibu kwa sauti kubwa, kubwa kuliko walivyohitaji wazee waliosimama karibu naye. "Ni mkamwana wangu huyo. Amechomelea mwenyewe. Ile kona ni ndogo, banda halitatosha. Kesho nasogeza uzio."

Kisha akapita zake.

Nikabaki na sufuria mkononi. Nililia kidogo. Kidogo tu, nikaendelea kusugua.

Sasa hivi ndiyo nimeingia chumbani, nimefungua simu, nimekuta video ina watu wengi kuliko mkutano wa kijiji. Sawa. Angalieni. Lakini msiishie kwenye kiti, sikilizeni na ile injini huko nyuma. Ile sauti ni ndoo zenu mlizotupa, madumu yenu, mifuko iliyokuwa inaua ng'ombe. Ile sauti ni sisi.

Ila kuna ujumbe mwingine nimeukuta, wa mwenyekiti. Anasema afisa mazingira ameipenda sana ngoma yetu ya asili, ameomba tukaicheze kwenye sherehe za mazingira wilayani, na yeye mwenyekiti, kwa niaba ya wananchi, ameshakubali. Kwa hiyo mazoezi yanaanza Jumamosi. Mnaotaka kunicheka, jiandaeni: mstari wa nyuma bado una nafasi, na kiti nitawakodishia mwenyewe.